Sinia la Lozi Matangani

"Khalto, kwa nini huitaki ile rahisi?"

Tala aliuliza swali hilo akiwa darasa la saba, amekaa juu ya gunia la mchele katika jiko la khalto yake Rudaina, mguu unaning'inia, mkono umezama kwenye bakuli la lozi alizokatazwa kuzigusa. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama watoto wanavyouliza kwa nini paka ana sharubu. Lakini Rudaina, mwanamke ambaye hakuna mtu katika mlima wote wa Ashrafiya aliyewahi kumkuta hana jibu, alifunga mdomo, akaigeuza simu yake kifudifudi juu ya meza yenye unga, akasema:

"Toa mkono kwenye lozi za watu."

Basi. Tala akatoa mkono, lakini lozi tatu zikatoka nao. Swali likabaki pale pale, kama mvuke unaoganda kwenye kioo cha dirisha, kila mtu anauona na hakuna anayeufuta.

Rudaina alikuwa dada mkubwa wa Nisrin, mama yake Tala, ndiyo maana Tala alimwita khalto. Jiko lake lilikuwa chumba cha chini cha nyumba yao, pale ngazi za mtaa zinapopinda kabla ya kushuka kuelekea katikati ya Amman. Alipikia watu shughuli zao: posa, harusi, mtoto kuzaliwa, mtu kurudi hija, mtu kufa. Akipika Rudaina, watu walisema, hata hasimu yako atakula na kukusifu. Mumewe, Mahir, alifariki Tala akiwa ndiyo kwanza anajifunza kusoma, na watoto Mungu hakuwajaalia. Kwa hiyo kilichobaki mkononi mwake kilikuwa jiko, na kilicholishikilia jiko kilikuwa jina. Mpishi wa shughuli hana bango wala duka. Ana jina tu, linatoka mdomo huu linaingia sikio lile, na likichafuka mara moja halina sabuni.

Sasa, mwanamke huyu alikuwa na ugonjwa mmoja: programu za simu. Si za michezo, si za picha. Zile za kuandika mambo ya kukumbuka na kazi za kufanya. Kila alipoisikia mpya aliiingiza, akaichokonoa, akaitupa, mpaka akaipata moja iliyomteka kabisa. Aliipa jina Kasri.

Siku ya kwanza Tala alipofunguliwa Kasri alibaki mdomo wazi. Ulikuwa ukurasa mtupu tu, kumbe ndani yake unaweza kujenga chochote! Rudaina alikuwa amejenga vyumba. Kulikuwa na Chumba cha Furaha, chenye rangi ya kijani, na Chumba cha Huzuni, cha kijivu. Kulikuwa na Chumba cha Wateja, kila mtu na kadi yake, na kadi yenyewe ukiigusa inafunguka kadi nyingine ndani.

Tala alisoma kadi ya jirani yao mmoja, macho yakamtoka. "Hapendi mdalasini. Jino la kulia bovu, lozi zisagwe. Amegombana na shemeji yake kwa ajili ya ukuta, wasikalishwe sinia moja."

"Khalto! Haya umeyajuaje?"

"Nina masikio. Na sasa nina pa kuyaweka."

"Na hiki cha rangi ya dhahabu?"

"Hicho ndicho kiboko." Rudaina aliinua nyusi kama mchawi anayetaka kutoa njiwa kofiani. "Nikishaandika siku ya shughuli, siku hiyo ikifika Kasri lenyewe linampelekea ujumbe Baba Ratib, dereva wangu: chukua sinia fulani, peleka nyumba fulani, fanya hivi na vile. Mimi sigusi kitu. Naweza kuwa nimelala, naweza kuwa naoga."

"Unaweza kuwa umekufa," alisema Nisrin kutoka kwenye sinki, mikono imo ndani ya sufuria, "na Kasri litaendelea kupeleka maandazi."

"Wivu, mdogo wangu, wivu."

"Wivu wa nini? Mimi nina yangu." Nisrin alifanya kazi duka la dawa mchana, na jioni alikuja kumsaidia dada yake. Aliikausha mikono akatoa simu. Programu yake ilikuwa kitu cha kuchekesha kwa ufukara: mstari mmoja chini ya mwingine, kiduara pembeni, ukimaliza jambo unatia alama linatoweka. Hakuna rangi, hakuna vyumba. Rudaina aliiita Karatasi, na alipolitamka jina hilo alikunja pua. "Mkate. Dawa ya mama mkwe. Viatu vya Tala. Naona yote kwa jicho moja, namaliza, nalala. Wewe unajenga ikulu ili ukumbuke kununua vitunguu."

"Wewe unaandika kama mtu anayefunga mzigo gizani. Kila kitu ndani ya gunia moja."

"Gunia moja, ndiyo! Ukiingiza mkono unajua kiko humo!"

Ndipo Tala, juu ya gunia lake la mchele, alipouliza lile swali. Kwa sababu mama yake alikuwa amewahi kumnong'oneza kwamba zamani khalto yake pia alitumia Karatasi hiyo hiyo, na kuisifu, kisha siku moja akaifuta bila neno. Tala alikuwa mtoto wa kutaka kujua. Kitu kilichofutwa bila neno kilimwasha kuliko upupu.

Jibu, kama tulivyoona, lilikuwa lozi.

*

Majira ya baridi yalipoingia, Mama Laith wa ngazi ya juu aliagiza sinia la posa ya binti yake, Jumana. Halikuwa jambo dogo. Mama Laith alikuwa mwanamke ambaye mtaa mzima ulimtazama yeye kwanza kabla ya kuamua jambo fulani ni zuri au baya. Akikuagiza yeye, wameagiza wote. Rudaina alilifanya lile sinia mapema kwa sababu vitu vyake ni vya kukaa: lozi za sukari nyeupe, visheti vinavyoyeyuka mdomoni, vibiskuti vya tende vilivyochorwa kwa koleo kama lesi. Alivipanga juu ya sinia la shaba alilorithi kwa mama yake, akalifunika kwa karatasi angavu, akalizungushia utepe wa dhahabu, akaliweka juu ya rafu ya stoo yenye baridi. Kisha akaandika kwenye Chumba cha Furaha, na Tala alimwona akiandika, akicheka peke yake: "Sinia la utepe wa dhahabu. Nyumba ya Mama Laith, ngazi ya juu. Piga honi ya harusi tangu kwenye kona. Ingia na mabruuk kubwa ya hongera!"

"Mpaka honi unaiandika?" Tala aliuliza.

"Baba Ratib ni mtu wa Zarqa, mji mwingine, watu wa hapa hawajui. Usipomwandikia atasimama mlangoni kama mleta bili ya umeme."

Siku chache kabla ya posa, Hajj Adib, baba mkwe wa Mama Laith, aliamka alfajiri akasali, akaegemea mto, hakuinuka tena.

Sasa hapa ndipo penye jambo. Katika mtaa ule, mtu akifa, furaha zote za nyumba ile huanguka zenyewe. Hakuna anayepiga simu kusema posa imeahirishwa. Ni nani atampigia simu mpishi wa visheti huku maiti yumo ndani? Ingekuwa aibu. Kifo kimesema, kila mwenye masikio amesikia. Mkwe anajua, mpiga picha anajua, mpishi anajua. Rudaina alijua kabla ya wengi: yeye ndiye aliyepika chakula cha siku ya kwanza, kondoo na wali na mtindi mkavu ulioyeyushwa, masinia yakapelekwa na vijana wa mtaa kwenye ukumbi wa ukoo ambako wanaume walikaa kupokea rambirambi. Alipika akilia, kwa sababu Hajj Adib alikuwa akimsalimia kila asubuhi kwa kugonga kioo cha jiko kwa bakora. Na usahaulifu haukumpata kazini. Alifungua Kasri, akaingia Chumba cha Huzuni, akaandika kadi ya kijivu: nyumba ya Hajj Adib, ngazi ya juu, chakula kimefika, sukari isitiwe kwenye kahawa.

Kadi ya kijivu ikakaa chumba chake. Kadi ya kijani ikakaa chumba chake. Kati yao ukuta, na ukuta ule aliujenga mwenyewe.

*

Siku ya tatu ya matanga, ambayo ndiyo ilikuwa iwe siku ya posa, wanawake walijaa nyumbani kwa Mama Laith. Wanaume walikuwa mbali, kule ukumbini, kwa hiyo nje hapakuwa na turubai wala viti, ni viatu tu mlangoni, chungu nzima. Kwa mtu asiyejua, ilikuwa nyumba yenye wageni.

Yalikuwa matanga ya kwanza ya Tala. Alikaa baina ya mama yake na khalto yake, amevaa kanzu nyeusi ya kuazima iliyomburuza, akitazama kila kitu kwa macho makubwa. Kila mtu amevaa nyeusi. Sauti ya Kurani ikitoka kwenye kaseti ya redio ya zamani pembeni. Kahawa chungu ilizungushwa kwenye vikombe visivyo na mkono. Tala alionja, uso ukamkunjamana, mama yake akamfinya. Kwenye kiti cha katikati alikaa Hajja Fikriya, mjane wa Hajj Adib, mdogo kama shomoro, akihesabu tasbihi bila kuitazama. Mama Laith alikuwa mlangoni akipokea mikono. Jumana, aliyekuwa avishwe pete siku hiyo, alikuwa anaosha vikombe.

Rudaina, kwa adabu, alikuwa ameizima simu yake sauti akaizika chini ya mkoba. Kama ilitetemeka humo, hakuna aliyejua.

Kisha ikasikika.

Pii-pii-pipipii! Pii-pii-pipipii!

Honi ya harusi. Tangu kwenye kona.

Mwanzoni wanawake walitazamana tu. Mmoja akasema, "Astaghfirullah, vijana wa siku hizi hawana hata soni, wanapita na harusi penye msiba." Honi ikakaribia. Haikupita. Ikasimama chini ya dirisha, ikapigwa tena kwa madaha, gari likazimwa, mlango ukabamizwa, nyayo zikapanda ngazi. Tala aligeuka kumtazama khalto yake, na alichokiona hakukisahau: uso wa Rudaina ulikuwa umeishiwa damu yote, umekuwa kama unga.

"Ya Rabbi," alinong'ona. "Kasri."

Mlango ukasukumwa. "Mabruuuk! Mabruki elfu! Yuko wapi bibi harusi wetu, mwezi wa kumi na nne!"

Baba Ratib aliingia na tumbo lake na masharubu yake, sinia la shaba juu ya kichwa, utepe wa dhahabu ukimeremeta, karatasi ikipiga kelele kama moto wa majani makavu. Alikuwa ameshapiga hatua mbili ndani alipoona weusi. Macho yake yakaenda kulia, yakaenda kushoto. Mdomo ulikuwa bado umefunguka kwa mabruki nyingine, lakini haikutoka. Na pale pale, kwa hofu, mzee wa watu akaanza kusoma Fatiha kwa sauti, na sinia bado liko kichwani.

Hakuna aliyepumua. Hata ile kaseti, Tala aliapa baadaye, ilinyamaza, ingawa mama yake alisema ilikuwa imefika mwisho wa upande.

Kisha chumba kikapasuka.

"Ni nani huyu? Nani kamtuma?"

"Msiba juu ya msiba!"

"Mtoeni! Mtoeni jamani!"

"Mimi nimeletewa ujumbe!" Baba Ratib alilia, mikono yote miwili juu kwenye sinia, hawezi kulishusha, hawezi kukimbia. "Wallahi nimeletewa ujumbe! Imeandikwa honi! Imeandikwa tangu kwenye kona!"

Mama Laith alimkabili, akamnyooshea kidole. "Unamfanyia nani kazi ya kuwacheka wafu wetu? Sema jina lake!"

Rudaina alisimama. Tala alihisi joto la khalto yake likiondoka ubavuni, akataka kumshika nguo asiende.

"Mwache mzee. Sinia ni langu. Mimi ndiye niliyeandika."

Mama Laith aligeuka taratibu. Kelele ya dunia nzima ingekuwa afadhali kuliko sauti aliyoitoa, ndogo, kavu. "Wewe, Rudaina? Juzi ulipika chakula cha maiti wetu kwa mkono huo huo. Nilikuona unalia. Ulikuwa unalia nini?"

"Nilisahau kulifuta kwenye…"

"Ulisahau kwamba amekufa?"

"Hapana! Nilijua. Nilijua, lakini simu haikujua."

Aliposema hivyo, hata Tala aliyempenda kuliko mtu yeyote alitamani ardhi ipasuke. Simu haikujua! Mwanamke mmoja nyuma akarudia maneno hayo kwa mwenzake, yule akampa wa pembeni, yakazunguka chumba kama vile vikombe vya kahawa, na Tala aliyaona yakinywewa. Kesho yangekuwa sokoni.

Rudaina akanyoosha mikono kulipokea sinia. "Nitaondoka nalo."

"Toka," Mama Laith alisema. "Sinia liache. Unataka mtaa ukuone unashuka ngazi zetu na utepe wa dhahabu?"

Wakashuka watatu, Rudaina mbele, mikono mitupu. Nyuma yao Baba Ratib akiomba radhi kwa kila ngazi.

*

"Nionyeshe," Nisrin alisema jikoni.

Rudaina akamfungulia. Kadi ya kijani: ngazi ya juu. Kadi ya kijivu: ngazi ya juu. Nyumba ile ile, imeandikwa na kidole kile kile. Tala alizisoma hizo mbili, moja baada ya nyingine.

"Kwenye Karatasi yangu," Nisrin alisema, na hakuwa anakejeli tena, alikuwa karibu kulia, "zingekuwa moja juu ya nyingine. Posa ya Jumana. Matanga ya Hajj Adib. Ungeona, dada yangu. Hata kipofu angeona."

"Najua."

"Basi iache hiyo ikulu. Rudi kwenye rahisi."

Rudaina alivua kitambaa chake cheusi, akakikunja nne, akakikunja tena. Tala alisubiri. Sasa atasema, alifikiri. Lakini khalto yake alisema, "Nitaongeza chumba. Chumba cha Nyumba. Kila kadi iunganishwe na nyumba yake, na nyumba ikifiwa, yote yasimame." Akaanza kujenga hapo hapo, macho mekundu, vidole vinaruka. Tala na mama yake walitazamana. Nyumba ya mtu imeungua, naye anachora ramani ya ghorofa nyingine!

Lakini ramani haileti wateja. Harusi ya wiki iliyofuata ilifutwa, na safari hii watu walipiga simu. Ya baada yake pia. "Tutamchukua mtu wa Jabal Hussein, usikereke, Rudaina, ni karibu na mkwe." Jabal Hussein ilikuwa ng'ambo ya mji. Watoto walimpigia Baba Ratib midomo: pii-pii-pipipii. Akajibu mara ya kwanza, mara ya pili akanyoa masharubu ili wasimtambue, wakamtambua. Jikoni sufuria kubwa zilikaa zimefunikwa, na Rudaina akaanza kupika chakula cha watu watatu, kila mara akikosea kikawa cha kumi.

Lililomkosesha raha zaidi lilikuwa lile sinia. Kwao, kama kwingi penye watu waungwana, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukipelekewa sahani ya chakula, utairudisha na kitu, hata kama ni limau moja. Kukirudisha kitupu ni kusema: baina yetu basi. Rudaina alilisubiri sinia la mama yake kama mtu anayesubiri hukumu. Halikuja. Na kila siku lisipokuja, hakujua ashukuru au alie.

*

Ikaja Idi. Sikukuu ya kwanza baada ya msiba, nyumba iliyofiwa haioki wala haipambi. Watu huenda kuwaona, wakanywa kahawa chungu, wakaondoka.

"Naenda," Rudaina alisema.

"Watakufukuza," alisema Nisrin.

"Wakinifukuza nitakuwa nimefika."

Tala akamfuata bila kuulizwa. Aliyefungua mlango ni Mama Laith mwenyewe. Hakusema karibu. Hakuufunga mlango pia. Wakasimama hivyo, watu wazima wawili, Tala katikati akitazama juu, mpaka sauti nyembamba ikatoka ndani.

"Ni nani?"

"Ni Rudaina, mama."

Hajja Fikriya akauliza: "Kaja na honi au bila honi?"

Tala aliishika midomo yake kwa mkono. Mama Laith alisogea pembeni, taya zimekaza.

"Bila honi, Hajja," Rudaina alisema, akapiga magoti mbele ya kile kiti, akaushika mkono wa mzee. Wanawake waliokuwapo wakaacha vikombe hewani.

"Unajua Adib alikuwa na kisukari?" Hajja alisema. "Umri wote nimemficha tamu kama watu wanavyoficha dhahabu. Chini ya kitanda, ndani ya viatu. Kafa, hata siku tatu hazijatimia, wewe huyo unamletea sinia zima na tarumbeta!" Akatikisa kichwa. "Ungemletea akiwa hai, binti yangu. Ningemzika amechelewa kidogo kufurahi, lakini amefurahi."

Akaanza kucheka, kicheko kisicho na meno, mabega yakiruka. Tala hakuamini masikio yake: mjane anacheka, ndani ya nyumba iliyofiwa, mbele za watu! Wengine wakacheka kwa kuogopa, kisha wakacheka kweli. Na katikati ya kicheko Hajja akageuka, akalia, kilio ambacho watu walisema hakukilia hata siku ya mazishi. Rudaina akalia naye, vichwa vyao vimegusana.

Mama Laith hakucheka wala hakulia. Aliwatilia kahawa. Lakini Tala aliona kwamba kikombe cha khalto yake alikijaza kidogo tu, kama wanavyomjazia mgeni wa heshima, na siyo pomoni kama wanavyomjazia wanayetaka anywe aondoke.

Siku arubaini za msiba zilipokwisha kupita, wakati maua ya mlozi yameshadondoka, mlango wa jiko uligongwa. Alikuwa Jumana, amebeba sinia la shaba. Limesuguliwa mpaka linaakisi dari. Juu yake yalikaa malimau ya mti wa Hajj Adib, yenye majani.

"Mama anaagiza kitu kile kile," Jumana alisema, uso umemwiva. "Lakini bila utepe. Na Baba Ratib aje kwa miguu."

Alipoondoka, Rudaina alikaa chini akalishika sinia mapajani. Kisha akachukua simu. Tala, aliyekuwa akichungulia begani kwake kama kawaida, alitarajia rangi ya kijani. Badala yake aliiona programu tupu, nyeupe, mstari mmoja na kiduara pembeni. Karatasi. Khalto yake aliandika "Posa ya Jumana" akasimama. Kidole kilielea juu ya kioo kama cha mtu anayegusa sufuria kujua kama bado ni ya moto. Kasri hakulifuta, meno mabovu ya majirani na ugomvi wa kuta vilibaki humo. Kile chumba cha dhahabu, cha kupeleka ujumbe chenyewe, ndicho alichokivunja. Na tangu siku hiyo, furaha na misiba ya Ashrafiya iliandikwa gunia moja, mstari juu ya mstari, na wateja wakarudi mmoja mmoja, nyuma ya Mama Laith.

Tala hakuuliza tena. Alikuwa amekua kiasi cha kujua kwamba maswali mengine yana mlango wake, na unangoja ufunguliwe kwa ndani.

*

Ukafika mwaka wake wa mwisho shuleni, mwaka wa Tawjihi, mtihani unaowatoa watu mvi. Tala alitandaza vitabu juu ya ile meza ya unga na kuanza kujijengea ratiba kwenye simu: chumba cha fizikia, chumba cha historia, rangi kwa kila mwalimu. Alitumia mchana kutwa. Hakusoma ukurasa.

Rudaina alikuwa mbele yake akifungia wali ndani ya majani ya mzabibu, moja baada ya jingine, membamba kama vidole vya mtoto. Ilikuwa shughuli ya nyumba iliyofiwa na hapo hapo, kesho yake, akika, karamu ya mtoto mchanga wa mtaa wa pili.

"Ulinusuliza," alisema ghafla, kisha akajicheka kwa ulimi kuteleza. "Uliniuliza kwa nini siitaki ile rahisi. Ulikuwa na miguu mifupi, umekalia mchele wangu, unaiba lozi."

Tala aliweka kalamu chini. Hakuthubutu hata kupepesa.

"Siku aliyokufa Mahir nilikuwa na harusi ya watu," Rudaina alisema. Mikono yake haikusimama. "Bibi harusi hana kosa, wageni wameshaalikwa, na ile si nyumba iliyofiwa. Iliyofiwa ni yangu. Kwa hiyo niliandika kama nilivyozoea, kwenye ile rahisi. Mtindi. Samli. Lozi. Sanda. Karatasi za kufunikia masinia. Nikatoka, nikavinunua vyote, kila kimoja nikakitia alama, kikatoweka. Na nilipotia alama ya mwisho, simu ikatoa nyota na maua, ikaniandikia: Hongera, umemaliza kazi zote za leo."